Doa na Kiraka

Chini ya meza ya kupigia pasi, nyuma ya ndoo ya maji, paka alikuwa amejikunja akimtazama Mama Dobi jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi. Manyoya yake mafupi yalikuwa meupe, weusi umemwagika mgongoni, na rangi ya chungwa imefunika jicho moja mpaka sikioni. Rangi zote tatu zilikuwepo, hakuna iliyopungua. Kilichokuwa na utata ni mahali. Ile rangi ya chungwa, ambayo kwa miaka miwili ilikaa juu ya jicho la kushoto, sasa ilikuwa juu ya jicho la kulia, imetulia kana kwamba haijawahi kuhama.

Mama Dobi aliinama, akaangalia, akainuka. Akashika pasi, akaipitisha kwenye ukosi wa shati la mtu, na akaamua kwamba hakuna neno.

"Mama," bintiye alisema kutoka kwenye karo la kufulia, mikono imezama povuni, "huyu si Doa."

"Namba sita," alijibu Mama Dobi.

Akatoa mfukoni kikaratasi alichopewa kwa daktari wa wanyama, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa kimeandikwa sita. Na kile kilichofungwa kwenye tundu la paka nacho kilikuwa kimeandikwa sita. Binti aliangalia karatasi, akaangalia paka, akaangalia mamake, kisha akarudi kwenye mashuka yake. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ile na alijua mahali mazungumzo yanapoishia.

Ili umwelewe Mama Dobi, lazima ujue kwamba kwa miaka thelathini na minane alikuwa amefua nguo za mtaa mzima, na kwa miaka hiyo yote watu walikuwa wamekuja kumwambia kwamba nguo hii si yangu. Hatua ile aliijua kama wimbo. Mtu huleta shati limekuwa na rangi ya majivu, analivua pembeni ya kaunta kwa haya. Wiki ijayo anapewa shati jeupe, limenyooka kama barua, naye anarudi nyuma hatua moja. Si langu, anasema. Langu halikuwa hivi. Mama Dobi hakuwa akigombana. Alikuwa akigeuza ukosi na kuonyesha kitambulisho cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, fundo mara mbili na kitanzi kimoja, fundo lake mwenyewe ambalo halijawahi kufunguka majini. Macho ya mteja yana mapenzi, alikuwa akimwambia bintiye. Namba haina.

Kwa hiyo jicho la kulia halikumtisha. Alifikiri huku akipiga pasi, na kabla shati halijakunjwa alikuwa ameshapata jibu. Ukutani mbele ya meza ya pasi palikuwa na kioo, ambacho wateja walikitumia kujitazama wakijaribu makoti yao. Doa alipenda kulala juu ya rundo la mashuka ya moto, nyuma ya Mama Dobi. Basi kwa miaka miwili alikuwa akimtazama paka wake kwenye kioo, na kioo hugeuza kushoto kikawa kulia. Alijieleza jambo hilo vizuri sana, akaridhika. Hakujiuliza, kwani hakutaka kujiuliza, ni nani basi aliyekuwa akimpiga brashi kila Ijumaa, ana kwa ana, mapajani.

*

Doa alikuwa amezaliwa dukani mle mle, ndani ya kapu la mashuka safi ya watu. Mamake alikuwa paka asiye na kwao, mwembamba kama utepe, aliyeingia mvua ikinyesha na kuzaa watoto watatu juu ya shuka lililokuwa limeshapigwa pasi. Mmoja alikuwa mweupe, wawili wa rangi tatu. Mama Dobi aliapa kwamba jua likichomoza wataondoka wote. Jua lilichomoza. Saa nne walikuwa wamenyonya, saa sita alikuwa anafua lile shuka kwa mara ya pili bila kulalamika, na jioni alikuwa amechagua mmoja na kumpa jina. Doa, alimwita, kwa sababu ndilo doa pekee ambalo hakujaribu kulitoa. Wale wengine wawili bintiye aliwatafutia watu, na Mama Dobi hakuuliza ni watu gani.

Daktari wa wanyama, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemfundisha mambo ya paka wa namna ile. Alimwambia kwamba wa rangi tatu karibu wote ni majike, na dume akitokea huwa ni nadra na hazai. Kwamba manyoya mafupi hayahitaji makuu, brashi mara moja kwa wiki inatosha. Kwamba maziwa ya ng'ombe ambayo Mama Dobi alikuwa akimpa kwa upendo ndiyo yaliyokuwa yakimharisha, ampe maji safi, na bakuli la maji likae mbali na chakula. Chanjo kwa tarehe yake. Beseni la mchanga lisafishwe kila siku, maana paka ana kinyaa kuliko watu wengi. Mama Dobi alipenda hilo la kinyaa. Lakini alichokipenda zaidi ni jambo moja ambalo daktari alilisema akiwa anampima Doa uzito: kwamba hakuna wawili wanaofanana madoa, hata ndugu wa tumbo moja, hata wawe na rangi zile zile. Mama Dobi alilirudia neno hilo kwa kila mteja aliyemkuna paka kichwani. Huyu hakukatwa kwenye jora, alikuwa akisema. Alishonwa peke yake.

Halafu akaja akalisahau wakati alipolihitaji.

Madume walipoanza kugombana juu ya bati, na Doa akaanza kuwajibu kwa sauti ya mtoto aliyeachwa, daktari alishauri afungwe kizazi. Mara moja kwa mwezi alikuwa na siku ya kazi hiyo. Unamleta asubuhi na njaa yake, unapewa namba, mchana unarudi kumchukua. Mama Dobi alirudi mapema. Daktari alikuwa chumba cha ndani akihangaika na mbwa, na ukumbini, kwenye benchi refu, matundu yalikuwa yamepangwa kwa mstari. Ndani ya kila tundu paka alikuwa amelala usingizi wa nusukaputi, amefunikwa taulo mpaka masikioni. Mama Dobi alikaa kwenye kiti kuwatazama, na kitu alichokiona hakikuwa paka. Aliona vitambulisho. Kimoja kimefungwa kwa kitambaa cha bandeji, kingine kimebandikwa kwa plasta, kingine kinaning'inia kwa uzi mmoja kama jino la mtoto. Alivumilia, tumpe haki yake, labda dakika tano nzima. Kisha akainuka. Daktari alipotoka, kila kitambulisho kilikuwa kimefungwa upya kwa fundo mara mbili na kitanzi kimoja, vimenyooka kama askari. Daktari alimshukuru, mikono imejaa manyoya ya mbwa, akamkabidhi tundu la namba sita. Mama Dobi alirudi nyumbani akijisikia kwamba ameacha mahali pakiwa pazuri kuliko alivyopakuta.

*

Siku ya kwanza paka hakula. Mama Dobi alisema ni dawa ya usingizi. Alimchemshia samaki, akamtoa miiba, akamsukumia sahani chini ya meza. Sahani ilikaa. Paka alikuwa na ile kola ya plastiki shingoni, pana kama tarumbeta, ya kumzuia asilambe mshono, na kila alipogeuza kichwa iligonga ndoo. Mama Dobi alimwita kwa jina. Sikio halikutikisika.

Siku ya pili alitandika mashuka ya moto mahali pale pale Doa alipopenda, akamnyanyua kwa mikono miwili, akamweka juu yake. Paka alishuka taratibu kama mtu anayekataa kiti kwa adabu, akarudi nyuma ya ndoo. Aliuogopa mvuke. Pasi ilipotoa sauti, alijibana ukutani. Bintiye alisimama mlangoni akatazama yote, na akasema kwa upole, bila kumtaja mtu, kwamba Doa alilelewa na mvuke tangu macho hayajafumbuka.

"Na wewe ungekatwa tumbo ungeupenda mvuke?" aliuliza Mama Dobi.

Lakini mchana ule alimkanyagia bintiye shuka lililokwisha kufuliwa, na hakuona. Alikuwa akitazama kioo. Alikuwa amejaribu jambo la kipumbavu: alimshika yule paka mbele ya kioo ili alione doa likirudi kushoto. Lilirudi. Alisimama pale na mnyama mwepesi kifuani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba paka wa kiooni alikuwa Doa, na aliyekuwa mikononi mwake alikuwa mwingine. Akamweka chini haraka, akarudi kwenye pasi.

Kilichomsumbua hakikuwa paka peke yake, ingawa paka alitosha. Mtu anayekubali kwamba namba moja imedanganya anafungua mlango, na nyuma ya mlango ule Mama Dobi alijua kuna nani amesimama.

Miaka sita nyuma, yule fundi wa cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amefiwa na mumewe. Baada ya siku nyingi alileta koti lake la kijivu lifuliwe. Alipopewa, alilifungua kifuani, akatia mkono mfuko wa ndani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hili si lake. La mume wangu bitana nililitia mwenyewe, alisema. Mfuko nilishona kwa uzi wa kahawia kwa sababu mweusi uliniishia. Duka lilikuwa limejaa. Mama Dobi aligeuza ukosi, akaonyesha namba. Fundi akasema tena kwamba si lake. Na hapo Mama Dobi, ambaye alikuwa na foleni na joto na miguu inayouma, alitamka maneno ambayo tangu siku ile yalikuwa yakimrudia kila alipofunga fundo.

"Mama, msiba umekuchanganya macho."

Fundi alilikunja lile koti vizuri, kwa mikunjo ya mtu anayejua kitambaa, akaondoka nalo. Hakurudi tena. Walikuwa wakitazamana kila siku, mlango kwa mlango, kama picha mbili za kuta zinazoelekeana, na neno halikupita.

*

Siku ya nne paka alikuwa bado hajala, na Mama Dobi alikumbuka onyo la daktari kwamba paka asiyekula siku mbili arudishwe, maana ini lake halivumilii njaa. Zilikuwa zimepita mbili, zikaongezeka nyingine juu yake, kwa sababu ya ubishi wa mtu mmoja. Alimpapasa mbavu. Aliona aibu mbele ya mnyama. Akamtia ndani ya kikapu chenye kifuniko, akavaa viatu vya kutokea, na njia nzima akaandaa maneno ya kumgombeza daktari. Yalikuwa maneno mazuri. Yalianza na uzembe na kumalizikia kwa vitambulisho vya plasta.

Hakupata nafasi ya kuyatumia. Daktari alifungua kikapu, akatazama uso wa paka. Kisha akafungua faili lake. Alikuwa na tabia ya kuchora uso wa kila paka wa rangi tatu, madoa yalipo, kwa kuwa ndivyo wanavyojulikana. Namba sita ilikuwa imechorwa doa upande wa kushoto. Namba tano, upande wa kulia.

"Siku ile niliwaweka sita kabla ya tano," daktari alisema, akiwaza kwa sauti. "Tundu la tano lilikuwa na mlango mbovu, nikalihamishia pembeni. Lakini vitambulisho nilifunga sawasawa, mama. Sijui vilihamaje."

Mama Dobi alijua vilihamaje. Aliyaona matundu tena, yamepangwa kwa mstari: tatu, nne, sita, tano, saba. Alikumbuka alivyotikisa kichwa, akasema moyoni kwamba hata kuhesabu hawajui hawa, akavifungua vyote, akavilaza kwenye benchi kwa mpangilio wake, na kuvirudisha kama namba zinavyopaswa kwenda. Juu ya meza ya daktari kilikuwepo kile kitambulisho cha tano, kimehifadhiwa kwenye bahasha na uzi wake. Fundo mara mbili na kitanzi kimoja. Katika dunia nzima kulikuwa na mkono mmoja unaofunga hivyo.

Maneno yote mazuri yalimwishia mdomoni. Aliuliza tu, namba tano ni ya nani.

"Ni yule mama fundi wa mtaani kwenu," daktari alisema. "Mnatazamana milango. Anamwita Kiraka. Nilidhani mnajuana, mbona paka wenyewe ni ndugu."

*

Nyumbani, bintiye hakukana. Alikausha mikono, akaeleza akiwa amesimama: watoto wa paka walikuwa watatu, mweupe alikwenda kwa mwalimu, na huyu alimpeleka ng'ambo jioni moja ndani ya mfuko wa nguo, kwa kuwa yule mama alikuwa peke yake na kulikuwa na panya wakimlia vitambaa. Hakumwambia mamake kwa sababu, alisema, akatafuta neno la adabu, akalikosa. Fundi hakumtoa nje kwa kuogopa barabara. Ndiyo maana hakuwahi kuonekana.

Mama Dobi hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha binti.

Badala yake alipita katikati ya mashuka yanayoning'inia, akaenda mpaka nyuma kabisa, kwenye fimbo ya kutundikia nguo zisizochukuliwa. Kila dobi anayo. Ni nguo za waliohama, waliosahau, walionenepa, waliokufa. Zilikuwa zimefunikwa nailoni, na vumbi juu ya nailoni lilikuwa laini kama unga. Alizisogeza moja baada ya nyingine. Magauni mawili. Suruali ya mtu mfupi sana. Koti la kijivu.

Aliligeuza ndani nje. Alihitaji miwani yake kuona, kisha akaona kwamba hahitaji. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kahawia.

Makoti mawili ya kijivu, wiki moja, namba zinazofuatana, na mwenye lile jingine hakurudi kamwe kuuliza lake. Kwa miaka sita koti la mume wa mtu lilikuwa limening'inia hatua kumi na tano kutoka pale aliposimama mjane wake akiambiwa haoni. Na katika miaka hiyo yote Mama Dobi, ambaye alikuwa hawezi kulala akijua kuna soksi moja haina mwenzake, hakuwahi kuja kuangalia. Mtu haangalii mahali anapojua kuna kitu. Alikaa juu ya kapu tupu, koti mapajani, mpaka bintiye akaja akasimama mbali kidogo, kisha akaenda kuizima pasi.

*

Alivuka barabara kikapu kikiwa mkono mmoja na koti juu ya mkono wa pili. Barabara ile ilikuwa na upana wa baiskeli nne. Ilimchukua muda.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni, akipinda ukingo wa pazia. Nyuma yake, juu ya lundo la vipande vya vitambaa, Doa alikuwa amelala chali bila haya yoyote. Hakuwa na kola ya plastiki. Alikuwa amevaa kikoti cha flana ya samawati, kimekatwa kwa kipimo, matundu manne ya miguu, kamba tatu za kufunga mgongoni, na tumboni kitambaa kimewekwa maradufu juu ya mshono. Kando palikuwa na nyongeza ya kitambaa, kwani Doa alikuwa na mwili kumzidi nduguye. Alifumbua jicho moja, akamtambua Mama Dobi, akapiga mwayo.

Pedeli ilisimama. Fundi alimtazama mgeni wake, akatazama kikapu. Koti alilipita kwa macho bila kutua.

"Umekuja na namba?" aliuliza.

"Sikuja na namba."

"Basi kaa."

Mama Dobi hakukaa. Alifungua kikapu sakafuni, na yule paka aliyekataa samaki, mashuka ya moto na jina alitoka kwa kunyata, akanusa mguu wa cherehani, akasugua shavu lake pale kama mtu anayefuta vumbi la safari. Kola ya plastiki ikagonga chuma. Fundi alishuka kitini kwa magoti, akaikata kola kwa mkasi, akasema maneno madogo madogo yasiyomhusu mtu mwingine. Chini ya dirisha kulikuwa na sahani ya Doa, nusu imebaki. Kiraka aliifikia, akaanza kula, na hakuinua kichwa. Wale wanawake wawili walimtazama akila kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama paka akila.

"Ulijua tangu lini?" Mama Dobi aliuliza.

"Nilipofunua taulo. Mimi nakata vitambaa, nisijue kushoto na kulia?"

"Mbona hukuja?"

Fundi alipangusa magoti yake. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimuuma Mama Dobi kuliko hasira.

"Ningekuja kufanya nini, mwenzangu? Ningekuambia huyu si wangu, nawe ungeniambia namba." Akamkuna Kiraka nyuma ya sikio. "Nikasema nitangoja siku ya kutoa nyuzi. Tutakutana kwa daktari, kutakuwa na shahidi. Nilijua kwako hatapigwa. Sikujua kwamba hatakula."

Mama Dobi alifungua mdomo kueleza habari ya matundu, ya sita kabla ya tano, ya vitambulisho vya plasta, na akaona kwamba maelezo yote yale yalikuwa ya kweli na hayakuwa na kazi. Alisogeza mkasi na chaki, akalitandaza koti juu ya meza ya kukatia, kifua wazi, mfuko wa ndani umegeuzwa juu.

"Msiba haukukuchanganya macho," alisema.

Fundi hakulishika mara moja. Aliosha mikono kwanza, kwenye beseni la pembeni, akaikausha kidole kwa kidole. Kisha akaweka kidole gumba juu ya uzi wa kahawia na kukiburuta polepole mpaka mwisho wa mshono, akarudi mwanzo, akaburuta tena.

"Umepinda," alisema hatimaye. "Tazama hapa, umekwenda kombo. Alikuwa na haraka, akanisimamia mlangoni na kofia kichwani. Nikamwambia vaa hivyo hivyo, ukirudi nitaurudia."

Mama Dobi alitazama. Mshono ulikuwa umepinda kweli.

Baadaye Fundi alifungua kabati na kutoa lile koti jingine, la mtu asiyejulikana. Lilikuwa limening'inizwa vizuri na vidonge vya kufukuzia nondo mfukoni. Aliuliza kama mwenyewe amewahi kuja. Mama Dobi alisema hajaja. Fundi alilitazama koti la mgeni yule aliyekaa naye nyumba moja miaka sita.

"Nilimtilia kifungo," alisema. "Akija asikute pungufu."

*

Siku ya kumi walikwenda kwa daktari njia moja, ingawa si kwa mwendo mmoja, kwani Mama Dobi alitembea mbele kama mtu aliyechelewa na Fundi alitembea nyuma kama mtu mwenye siku nzima. Nyuzi zilitolewa. Mishono yote miwili ilikuwa imekauka vizuri, lakini ule wa aliyevaa kikoti ulikuwa safi zaidi, na daktari alitaka kujua kimeshonwaje. Paka walipimwa uzito. Doa alitajwa kuwa amenenepa, apunguziwe chakula, na Mama Dobi alisikiliza kwa uso wa mtu anayetukaniwa mtoto. Ukumbini matundu yalikuwa yamepangwa, vitambulisho vikining'inia kila kimoja kivyake. Mama Dobi aliketi juu ya mikono yake.

Keshoye alikifua kile kikoti cha flana. Alikifua peke yake, kwa maji ya vuguvugu, akakianika kivulini kisipauke, akakipiga pasi upande wa ndani, kamba moja moja. Bintiye alimletea kikaratasi na uzi kwa mazoea. Mama Dobi alivitazama, akavirudisha kwenye droo.

Alipovuka, Kiraka alikuwa dirishani na Doa alikuwa tayari ameshafika, amejinyoosha kando yake, kwa kuwa siku hizi barabara ilikuwa inavukwa. Fundi alipokea kile kikoti. Akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga, akageuza ndani nje. Akaangalia upindo, akanusa kitambaa, akanyoosha kamba. Alichukua wakati wake. Kisha akakiweka mezani, akakisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Mama Dobi," alisema, "hiki si changu."

Mama Dobi alihisi jibu la miaka thelathini na minane likimpanda kooni lenyewe, limenyooka, limepigwa pasi, na mkono wake ukaanza safari ya kwenda kwenye ukosi ambao haukuwa na kitu. Hapo ndipo alipoona pembe ya mdomo wa Fundi ikitetemeka, ikijizuia, ikishindwa.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Haya," alisema. "Chako kilikuwaje?"

Fundi akatoa mguu kwenye pedeli, akajiegemeza, akaanza kueleza tangu mwanzo, tangu duka aliponunulia ile flana na maneno aliyoambiwa na muuzaji. Na Mama Dobi alisikiliza mpaka mwisho, huku ng'ambo ya barabara pasi yake ikipoa.